Kola ya Mbwa Ichaguliwe kwa Mkono Unaoshika Kamba

Wadau, leo nawaandikia habari za mbwa. Najua wapo watakaoguna: mwandishi mzima, tena aliyekaa chuo kikuu miaka mitatu kwa mkopo ambao bado anakatwa kwenye mshahara, anaacha mambo ya nchi anazungumzia kola ya mbwa? Ndiyo. Mambo ya nchi nalipwa kuyaandika gazetini. Hapa naandika ninachotaka, na kwa wiki kadhaa sasa kinachonikosesha usingizi ni shingo ya mbwa mmoja wa Tabata.

Hoja yangu naitoa mapema ili asiye na muda aondoke nayo. Mbwa mkubwa mwenye manyoya marefu hachaguliwi kola ya mafunzo kwa kuangalia ukali wake tu. Yako mambo mawili ambayo wauzaji hawayaulizi: manyoya yenyewe, na mkono wa mtu atakayeshika kamba. Na katika nyumba nyingi za Dar es Salaam, mkono huo si wa mwenye mbwa.

Mbwa mwenyewe anaitwa Kamanda, mali ya baba yangu mdogo. Ni German Shepherd wa miaka miwili, kilo 38 kwa mizani ya daktari wa mifugo. Wazee wengi bado wanamwita Alsatian, jina ambalo Waingereza walimpachika enzi za Vita Kuu ya Kwanza walipokuwa hawataki kusikia chochote chenye jina la Kijerumani. Chama chao cha mbwa hakikurudisha rasmi jina la asili mpaka mwaka 1977. Sisi tuliotawaliwa na wote wawili tumebaki na majina yote mawili. Kamanda ni wa ile aina yenye manyoya marefu, shingo imejaa kama simba dume. Kwa miaka mingi manyoya ya namna hiyo yalihesabiwa kuwa kasoro kwa mbwa hawa, hadi shirikisho la kimataifa la FCI lilipoyakubali mwaka 2010. Kasoro au si kasoro, joto la Dar halijui vyeti.

Sasa sikilizeni kisa. Jioni moja Kamanda alitoka kutembea na mlinzi, kijana wa Singida, mwembamba, kilo zake sidhani kama zinafika 60. Mbele yao akapita paka. Kamanda akaruka, kijana akaburuzwa mpaka kwenye mtaro, kamba ikamponyoka. Paka alipona. Lakini mzee mmoja, jirani wa nyumba ya tatu, alikuwa anaelekea msikitini kwa swala ya magharibi, kanzu nyeupe, udhu keshatia. Kamanda akamwendea kwa furaha zake, akampanda kifuani, akamlamba. Hakumng'ata. Ila wanaojua wanajua: kwa mzee wa madhehebu ya Shafii, kama walivyo Waislamu wengi wa pwani yetu, mate ya mbwa ni najisi, na yanapogusa panaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mzee alikosa swala ya jamaa, na moyo ulimwenda mbio mpaka akakalishwa chini apewe maji.

Kesho yake mjumbe wa nyumba kumi alifika. Aliongea kwa upole, ule upole wa kutisha: mbwa adhibitiwe au aondoke. Na mtaani kwetu, wadau, mbwa "kuondoka" mara nyingi ni kipande cha nyama yenye sumu kinachorushwa usiku juu ya ukuta. Kwa hiyo wanaodhani kola ni pambo, hapa suala lilikuwa uhai wa mbwa, na ujirani wa miaka kumi na tano. (Swali la kwanza la watoto wa yule mzee, kwa njia, lilikuwa kama mbwa amechanjwa kichaa. Alikuwa amechanjwa na kadi ipo. Kadi ile ilituliza watu kuliko msamaha wowote aliouomba baba mdogo.)

Baba mdogo akanipigia simu. "Mwanangu, wewe unashinda kwenye intaneti. Kuna mtu wangu anarudi kutoka Dubai, nataka aniletee kola ya shoti. Nichagulie iliyo nzuri." Nikamwambia, shikamoo baba, nipe wiki moja kwanza. Akacheka, akasema waandishi kila kitu kwenu uchunguzi.

Nilianzia kwenye duka la dawa za mifugo. Muuzaji aliniwekea mezani vitu vitatu: mkanda wa naili, mnyororo wa kukaba, na kola ya meno, ile ya chuma yenye ncha zinazoelekea ndani shingoni. Swali lake lilikuwa moja tu: "Ni mkali kiasi gani?" Hakuuliza manyoya. Hakuuliza nani atamtembeza. Kadiri nilivyosema mbwa ni mkubwa ndivyo alivyozidi kuisogeza ile ya meno upande wangu.

Tuanze na mnyororo wa kukaba, maana ndio umeenea. Una ukoo mrefu. Mjerumani Konrad Most aliandika kitabu cha kufundisha mbwa mwaka 1910 na mafunzo yake yalitegemea kumlazimisha mnyama. Mmarekani William Koehler akaja na chake mwaka 1962, mnyororo ukiwa katikati ya mambo. Na mwaka 1980 bibi mmoja wa Kiingereza, Barbara Woodhouse, akaufanya uonekane wa kawaida kabisa kwenye televisheni ya BBC. Kinachosahaulika ni kwamba hata hao hawakukusudia mbwa atembee amekabwa. Mnyororo unatakiwa uvutwe kidogo, kwa sekunde sahihi, kisha ulegee papo hapo. Kulegea ndiko kunakomwambia mbwa kwamba sasa amepatia. Na ili ulegee lazima uvishwe upande sahihi: mbwa akiwa kushoto kwako, mnyororo unafanya umbo la herufi P kabla ya kuupitisha kichwani. Ukiuvisha kinyume unakaza na kubaki umekaza.

Sasa weka mnyororo huo kwenye shingo ya Kamanda. Manyoya marefu yanaingia kwenye pete za chuma, yanajisokota, yanakatika. Mnyororo haulegei kwa wakati kwa sababu umenasa. Mbwa anakabwa alipokosea na anakabwa alipopatia, sasa atajifunza nini hapo? Ongeza kwamba mbwa hatoi joto kwa jasho kama wewe. Anahema. Mbwa aliyevaa koti la baridi ya Ulaya katika mwezi wa pili wa Dar, pumzi ndiyo feni yake, na wewe unamfungia koo.

Lipo jambo lingine ambalo nimeliona kwa macho yangu kwenye nyumba zaidi ya moja: mnyororo huo huo wa mafunzo anaachiwa mbwa bandani mchana kutwa. Banda lina nondo na wavu wa kuku. Pete ikinasa kwenye wavu, mbwa akivuta, mnyororo unakaza, naye akizidi kuvuta unazidi kukaza, na mlinzi yuko getini anasikiliza redio. Kola yoyote ya kukaza haiachwi shingoni kwa mbwa asiyeangaliwa. Hilo halina mjadala.

Kola ya meno sitaipotezea muda mwingi. Watetezi wake wanasema inagawanya mkazo kuzunguka shingo badala ya kubana koo sehemu moja, na ikivaliwa juu kabisa, nyuma ya masikio, na fundi mwenye mkono mwepesi, madhara ni madogo. Huenda kwa fundi huyo. Kwa manyoya ya Kamanda ncha nyingine zinaishia kwenye manyoya na nyingine zinafika kwenye ngozi, kwa hiyo uzito wote unabebwa na ncha chache, na kidonda kikitokea hukioni mpaka kinuke. Ujerumani, nchi ya mbwa huyu, imepiga marufuku kola za ncha katika mafunzo tangu tarehe 1 Januari 2022. Mwenye mbwa wake kamkatalia, sisi tunang'ang'ania.

Haya, kola ya shoti. Hapa ndipo baba mdogo alipokuwa amekwisha kuamua. Inafanya kazi hivi: kisanduku kinakaa shingoni, kina vijiti viwili vya chuma vinavyogusa ngozi, na mwenye rimoti anabonyeza. Vijiti vifupi havifiki kwenye ngozi ya mbwa mwenye manyoya mengi, ndiyo maana wanauza virefu. Angalieni kinachotokea kwa vitendo. Unabonyeza namba tatu, mbwa hashtuki, kwa sababu vijiti viko kwenye manyoya. Unapandisha saba. Bado. Unapandisha kumi. Mbwa anageuza shingo, vijiti vinagusa ngozi, na ile kumi inampata yote kwa wakati mmoja. Wakati huo alikuwa anaangalia nini? Kama alikuwa anamwangalia mtoto wa jirani anayeendesha baiskeli, basi umemfundisha kwamba watoto wa baiskeli wanaumiza. Ulianza na mbwa anayelamba, unamaliza na mbwa anayeng'ata.

Wengine wanaikaza mno ili vijiti visihame, wanaiacha siku nzima, na ngozi chini yake inaoza kwa kukandamizwa. Watengenezaji wenyewe wanaonya isikae sehemu moja kwa muda mrefu, ila maonyo hayo yako kwenye karatasi ambayo mlinzi hapewi.

Na utafiti upo, si huruma zangu tu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lincoln, Uingereza, mwaka 2014 walichapisha matokeo ya kulinganisha mbwa waliofundishwa kwa kola za shoti na waliofundishwa kwa zawadi. Wa shoti walionyesha dalili zaidi za msongo, na hawakuwa wamefunzika vizuri zaidi. Mwaka 2020 wengine wakachapisha utafiti wa mbwa 92 wa majumbani huko Ureno: waliotoka shule za adhabu walikuwa na msongo mkubwa zaidi, hadi kwenye homoni zilizopimwa katika mate yao. Wales ilizipiga marufuku kola za shoti mwaka 2010. Nasi tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, ambayo naona wengi wetu, wakiwemo waandishi wenzangu, hawajawahi kuifungua.

Ili niwe mkweli, hata mkanda wa kawaida si malaika. Mwaka 2006 watafiti Marekani walipima macho ya mbwa wanaovuta kamba, wakakuta shinikizo ndani ya jicho linapanda kwa kola ya shingoni lakini si kwa mkanda wa kifuani. Mwaka 2020 wengine wa Nottingham Trent walijaribu aina mbalimbali za kola kwenye shingo ya bandia, na hakuna hata moja iliyoonekana salama ikivutwa kwa nguvu. Kwa hiyo aliyekuambia kuna kola fulani ya shingoni ambayo mbwa wa kilo 38 anaweza kuivuta mwaka mzima bila kudhurika, anakuuzia.

Nilipomweleza baba mdogo haya, alinijibu kama nilivyotegemea. "Hayo ni ya Wazungu. Mbwa wa kwetu bila maumivu haelewi." Hapo nilikuwa nimejiandaa, na jibu langu halikutoka Ulaya. Lilitoka Morogoro.

Pale Chuo Kikuu cha Sokoine, shirika la APOPO limekuwa likifundisha panya buku tangu mwaka 2000 kunusa mabomu ya ardhini, na baadaye kifua kikuu kwenye makohozi. Panya, wadau! Hawafundishwi kwa mnyororo wala shoti. Mwalimu ana kidude kinacholia "tik". Panya akipatia, kinalia, anapewa ndizi au karanga. Basi. Mmoja wa wanafunzi hao, Magawa, alizaliwa Tanzania, akapelekwa Cambodia, akanusa mabomu ya ardhini 71, na mwaka 2020 akapewa medali ya dhahabu ya shirika la PDSA la Uingereza. Alikufa Januari 2022 kwa uzee. Kama Mtanzania wa Morogoro anaweza kumfundisha panya kazi ambayo akikosea mtu anapoteza mguu, kwa ndizi, sioni kwa nini Mtanzania wa Tabata ashindwe kumfundisha mbwa asikimbize paka, kwa vipande vya maini.

Baba mdogo alinyamaza kidogo. Akauliza, "Huyo panya alikuwa na kilo ngapi?" Nikamwambia moja na ushee. Akasema, "Sasa wangu ana 38." Nikakiri moyoni kwamba mzee ana hoja. Panya akikaidi humburuzi wala hakuburuzi. Mbwa anahitaji kifaa cha kumshikilia wakati bado hajaelewa somo.

Na hapa ndipo ninapokuja kwenye chaguo langu. Kwa mbwa kama Kamanda, na mshikaji kama yule kijana, nachagua mkanda wa kifuani wenye pete mbele, kwenye kifua. Wengi wanaujua wenye pete mgongoni, na huo unamfaa mbwa anayevuta mkokoteni. Unampa nafasi ya kuvuta kwa mwili wote. Pete ikiwa kifuani, mbwa akivuta anajigeuza mwenyewe kuelekea kwa aliyeshika kamba. Nguvu yake inafanya kazi kwa faida ya mlinzi. Shingo haiguswi, pumzi haizuiwi. Ubaya wake kwa manyoya marefu ni kwapani: mkanda unasugua, manyoya yanajifunga mafundo, na kupe wanapenda mafundo. Kwa hiyo unavuliwa kila baada ya matembezi na kwapa zinachanwa kwa kitana. Asiye na nafasi ya kuchana asifuge mbwa wa manyoya marefu, afuge wa kienyeji, ambao ni mbwa wazuri sana na hawahitaji saluni.

Hatamu, ile inayopita juu ya pua na nyuma ya masikio kama ya farasi, niliifikiria sana. Inampa mtu mwembamba uwezo mkubwa, kwa sababu kichwa kinapoelekea ndipo mwili unapofuata, na mbwa bado anaweza kuhema na kunywa maji. Ina faida nyingine ya kimtaa: majirani wanadhani amefungwa mdomo, wanatulia. Lakini inataka siku nyingi za kumzoesha, na mtu akiivuta kwa ghafla anaweza kumtegua mbwa shingo. Kwa mkono usiofundishwa niliona bora kusubiri.

Shingoni Kamanda anavaa mkanda wa ngozi wa mviringo, ulioshonwa kama kamba nene, kwa ajili ya namba ya simu tu. Wa mviringo haukati manyoya kama ule bapa mpana. Na kama mbwa wako ni wa aina ambayo manyoya yanateleza na kola inamvuka kichwani, ipo inayoitwa matingeli, inayokaza kidogo na kuishia hapo, haikabi. Ni nzuri. Kwa Kamanda haikuhitajika, kichwa chake kipana.

Vipimo navyo ni mtihani. Nilichukua futi ya fundi cherehani nikapima shingo juu ya manyoya: sentimita 60. Nikaichomeka futi chini mpaka kwenye ngozi: 52. Ukinunua kwa kipimo cha kwanza mbwa anatoka, ukikaza kwa kuangalia kwa macho unamkaba. Vidole viwili vipite kati ya mkanda na ngozi. Nasema ngozi, si manyoya. Mkanda wa kifua wa saizi yake sikuupata dukani, nikampelekea fundi wa mabegi pale Kariakoo picha kwenye simu. Alitumia mkanda wa begi la safari na pete za chuma nilizozipata kwa wauza vifaa vya ujenzi, akaumaliza siku hiyo hiyo. Alikataa tu kumpima mbwa mwenyewe, akasema apelekewe namba.

Nusu ya pili ya kazi ni ya yule kijana. Jumamosi nne mfululizo nimekuwa nakwenda Tabata na maini yaliyochemshwa, tunazunguka uwanja wa shule jioni wakati hakuna watu. Sheria ni mbili. Kamba ikikaza, simama kama mti. Kamba ikilegea, sema "safi" na toa kipande. Jumamosi ya kwanza tulitumia nusu saa kutoka getini hadi kwenye mwembe, mita kama hamsini. Ya nne tulipita mbele ya kibanda cha chipsi, paka wawili chini ya meza, na Kamanda akageuka kumtazama kijana usoni kabla kijana hajasema neno. Nilitamani mjumbe angekuwepo.

Yule mzee jirani bado anavuka barabara akimwona mbwa, na ana haki hiyo. Tumekubaliana kwamba Kamanda hatoki kati ya alasiri na isha. Kola ya shoti nayo ilifika kutoka Dubai, maana mtu alikuwa keshainunua. Iko juu ya kabati ndani ya boksi lake.

Kilichobaki sasa ni mshahara. Kijana amemwambia baba mdogo, kwa heshima zote, kwamba aliajiriwa kulinda geti na sasa ni mwalimu, na walimu wa mbwa mjini wanalipwa vizuri. Baba mdogo amesema atafikiria. Ameniomba ushauri mimi tena, na nimemwambia kwamba alikuwa tayari kutoa pesa za Dubai kwa kisanduku cha kupiga shoti, kwa hiyo pesa anayo.